Shemeji anataka nusu ya bilioni, na mdoli wenyewe uko kabatini

Shikamoo Babu Vikuukuu,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nauza mitumba ya watoto pale Memorial, hapa Moshi. Kwa kawaida nafungua balo la nguo, lakini safari hii nilichanga na mwenzangu tukanunua balo la midoli. Lilijaa takataka, Babu. Magari yasiyo na matairi, madubu yaliyonyofolewa macho, vipande vya michezo ambayo hata hatuijui. Tukagawana: yeye akachukua ya manyoya, mimi ya plastiki. Katika fungu langu kulikuwa na kifuko kilichofungwa kwa rababendi, na ndani yake vijitu vinne, kila kimoja kikipita kidogo urefu wa kidole cha kati, isipokuwa kimoja ambacho ni kifupi sana. Pia kulikuwa na kibunduki kimoja cheusi.

Nilivipanga mezani kwa buku buku. Siku ya pili akapita kijana anayepandisha wageni mlimani, akamshika mmoja aliyevaa kofia ya chuma, mwenye kitu kama kombora jekundu mgongoni, akaniambia, "Mama, huyu nakupa elfu themanini sasa hivi." Nikashtuka. Mtu akikupa themanini kwa kitu cha buku, ujue anajua jambo. Nikasema hauzwi.

Jioni nikamwonyesha shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye anatengeneza simu. Akaingia mtandaoni, akarudi anatetemeka. Anasema mdoli huyu anaitwa Boba Fett na mmoja kama yeye uliuzwa Marekani kwa dola 525,000. Kwa pesa zetu ni zaidi ya bilioni moja na milioni mia tatu! Tangu siku hiyo nyumbani hakukaliki. Shemeji anasema bila yeye tusingejua, kwa hiyo anataka nusu. Mume wangu amekopa 600,000 kwenye kikoba na tofali zimeshashushwa. Mwenzangu wa balo amesikia, ananisalimia kwa mkato.

Tena shemeji alimchukua yule mweupe aliyegeuka rangi ya maziwa mgando, akamloweka kwenye jiki na kumsugua kwa steliwaya ili "apande bei". Sasa amekuwa na mikwaruzo. Na kuna mtu wa Arusha tuliyempata kwa simu, anataka 200,000 atutolee cheti cha thamani.

Nyuma ya miguu ya huyo mwenye kombora pameandikwa G.M.F.G.I. 1979 na HONG KONG. Wa nne ni kijana mwenye kifua kama mbeba vyuma, ameandikwa 1995 na China, ndiye anayeonekana mpya kuliko wote. Yule mfupi amevaa koti la plastiki la kahawia, hana hata sura ya maana, nimempa binti yangu anachezea.

Babu, je, ni kweli? Nitajuaje ubora wa kitu hiki na bei yake? Na huyo wa cheti nimlipe?

Mama Balo, Moshi

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa usingizi uliopotea.

Nianze na la bilioni, maana naona tofali zimeshashushwa. Hapana. Mdoli wako si ule wa dola 525,000, na sihitaji kuushika ili kukwambia hivyo. Umeniambia mwenyewe: umeandikwa G.M.F.G.I. 1979 na Hong Kong, yaani ni wa dukani, uliotoka kiwandani pamoja na wenzake wengi kwa ajili ya watoto.

Kilichouzwa kwa bei ile mwaka 2024, katika mnada wa Heritage, kilikuwa sampuli ya majaribio ambayo haikuwahi kufika dukani. Mwaka 1979 kampuni ya Kenner ya Cincinnati, iliyotengeneza midoli ya filamu za Star Wars, iliwatangazia watoto kwamba atakayekata alama nne za ununuzi kwenye pakiti na kuzituma kwa posta atapelekewa Boba Fett anayefyatua kombora kutoka mgongoni. Wakati huohuo Marekani kulikuwa na hofu, kwa sababu mtoto mmoja alikufa baada ya kukabwa na kombora dogo la mdoli wa kampuni nyingine. Kenner wakaogopa. Mdoli ukatumwa, lakini kombora limegandishwa palepale mgongoni, halifyatuki. Zilizobaki ni sampuli chache za ofisini zenye springi, na nyuma yake kuna mfereji wenye umbo la herufi L au J ambamo kifyatuo kinateleza. Geuza wako utazame mgongoni. Kombora likiwa limegandamana na hakuna mfereji, mjadala wa bilioni umekwisha. Na hata mfereji ukiuona usipige vigelegele, maana hizo sampuli nazo zinaghushiwa.

Kwa hiyo shemeji amepata jina sahihi na mdoli usio wenyewe. Ni kama mtu aone ng'ombe aliyeshinda maonyesho ya Nane Nane akauzwa mamilioni, kisha aje kumpangia bei hiyohiyo dume la kwa jirani kwa kuwa wote ni ng'ombe.

Lakini usimtupe Boba Fett. Mdoli huo ni wa kweli kabisa, una wapenzi wengi, na kijana wa mlimani hakuwa mwehu. Boba Fett wa 1979 asiye na pakiti huuzwa huko nje kwa makumi ya dola, bei ikipanda au kushuka kufuatana na hali yake. Elfu themanini ilikuwa bei ya mtu anayetaka kuuza tena apate chake. Haikuwa wizi, wala haikuwa zawadi. Ningekuwa mimi ningemwambia, "Kijana, ongeza," nikaona anasimamia wapi.

Sasa swali lako la ubora. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapoteleza, hata sisi wa siku nyingi.

Ubora wa mdoli na thamani yake ni vitu viwili. Mtazame huyo wako wa 1995 mwenye kifua. Rangi imekolea, viungo vimekaza, uso umechongwa kwa makini. Kwa kazi ya kiwanda anamshinda Boba Fett. Bei yake? Utabahatika ukipata ya soda mbili tatu. Sababu ni kwamba ilipofika 1995 watu wazima walikuwa wameshasikia jinsi midoli ya zamani ilivyopanda bei, wakaenda madukani kununua hiyo mipya kwa maboksi, wakaifungia kabatini bila kuifungua, wakisubiri utajiri. Kila mtu alisubiri, kwa hiyo hadi leo iko tele, na mingi bado imo kwenye pakiti yake. Ile ya 1978 na 1979 watoto waliicheza kwelikweli. Wakaizika kwenye mchanga, wakaitafuna vichwa, wakapoteza bunduki chini ya makochi. Uliobaki mzima umebaki kwa bahati.

Kwa hiyo mnunuzi anayejua kazi yake akimshika Boba Fett wako atatazama hivi. Kwanza viungo. Midoli hii ya zamani ina viungo vitano tu, yaani shingo, mabega mawili na nyonga mbili. Msimamishe mezani. Akisimama mwenyewe bila kuegemea, vizuri. Miguu ikining'inia kama ya mlevi wa mbege, bei inashuka. Kisha rangi, hasa sehemu zinazojitokeza kama kilele cha kofia, kifua na ncha za mikono, ambako vidole vya mtoto hupita kila siku. Kisha alama za meno. Usicheke, kuna wakusanyaji wanaotumia kioo cha kukuzia kutafuta meno ya mtoto wa 1980. Kisha miguu, kusoma maandishi.

Maandishi hayo nayo yana mtego wake. Herufi G.M.F.G.I. ni kifupi cha jina la kampuni mama ya Kenner wakati huo, General Mills Fun Group, na mwaka unaoandikwa ni wa hakimiliki ya umbo, si mwaka mdoli ulipotoka kiwandani. Mdoli wenye 1977 mguuni unaweza kuwa umetengenezwa miaka kadhaa baadaye, kama kitabu cha shule kinavyochapwa upya ilhali mwaka wa ndani ni uleule. Basi mtu akikwambia "huu ni wa 1977, ni wa kwanza kabisa" kwa kusoma mguu tu, mwache aendelee na safari yake.

Kibunduki cheusi mmekiweka wapi? Kitafute leo. Silaha hizi ndizo zilizopotea kwanza, na mdoli uliokamilika hauko bei moja na wenzake walionyang'anywa silaha. Ndiyo maana bunduki za kughushi zimezagaa. Kuna kipimo cha nyumbani: weka maji kwenye bakuli, kidondoshe humo taratibu. Bunduki nyingi za asili huelea, na nyingi za kughushi huzama. Nimesema nyingi, sikusema zote, kwa hiyo kikielea usimwapie mteja. Na chunguza ni bunduki ya nani kati yao. Usimpe Boba Fett kwa sababu tu inaingia mkononi. Linganisha umbo na picha za wakusanyaji.

Sasa shemeji na jiki lake.

Mwanangu, ningekuwa na kicheko ningekitoa, lakini na mimi nimefanya hayo. Miaka ya nyuma, nikiwa bado nauza saa na redio mbovu hapa Arusha, mzee mmoja aliniletea sarafu ya Mjerumani, heller 20 iliyopigwa Tabora mwaka 1916 wakati wa vita. (Neno letu hela limetoka kwenye heller hiyohiyo, ukitaka kujua.) Ilikuwa imefubaa. Mimi kwa ujuaji nikaisugua kwa ndimu na majivu mpaka ikang'aa kama sufuria ya sherehe. Mnunuzi alipofika akaishika kwa sekunde tatu, akairudisha mezani, akaagiza chai. Hakuizungumzia tena.

Mkusanyaji analipia hali ambayo kitu kimefika nayo. Huyo mweupe wenu naamini ni Stormtrooper, askari wa filamu hizohizo, na kugeuka rangi ya maziwa mgando ni ugonjwa wa plastiki nyeupe ya zamani inapopigwa na mwanga na hewa kwa miaka. Ndiyo, unampunguzia bei. Lakini steliwaya imemwongezea mikwaruzo isiyotoka, na jiki linaweza kula rangi nyeusi iliyopakwa. Wako wataalamu wanaong'arisha midoli kama hiyo kwa dawa ya haidrojeni peroksaidi na jua, na hata wao wakusanyaji huwanunia, kwa kuwa plastiki inaweza kuchakaa zaidi na unjano ukarudi. Stormtrooper asiye na pakiti ni mdoli wa kawaida sana, hata angekuwa msafi asingejenga choo. Mwachie shemeji akae naye kama kumbukumbu. Wengine wote wapanguse kwa kitambaa laini kikavu, basi. Wafunge kwenye karatasi nyeupe au pamba, waweke kwenye boksi ndani ya kabati, mbali na dirisha. Wasikae chini ya bati, joto la Moshi mnalijua. Na ile rababendi itupe, ikizeeka hugandia plastiki na kuacha alama.

Bei mtaijuaje? Shemeji amefanya kosa linalofanywa na kila mtu, la kusoma bei ya juu kuliko zote iliyotokea kwenye simu. Mtandaoni kuna bei ya kuomba na bei iliyolipwa. Mtu yeyote anaweza kuandika kwamba mdoli wake ni dola elfu kumi, kama unavyoweza kukaa Memorial ukasema kaptula ya mtoto ni laki tano. Kusema hakukatazwi. Mwambie aingie eBay, atafute jina la mdoli, kisha achague kuonyeshwa vilivyouzwa tu. Atazame kumi au kumi na tano vilivyo katika hali kama ya wenu: havina pakiti, vimechubuka kiasi hicho, vina bunduki au havina. Aweke pembeni kile cha juu kabisa na kile cha chini kabisa. Vilivyobaki ndiyo soko. Kisha mtoe nauli ya EMS, ada ya mtandao, na punguzo la kuwa mnunuzi hawajui.

Huyo bwana wa cheti msimpe hata nauli. Kazi ya kupima midoli ipo kweli. Marekani kuna AFA, wanaoupokea mdoli mkononi, wanaukagua, wanaupa alama kati ya mia, kisha wanaufungia kwenye kasha gumu la plastiki angavu lenye lebo. Hakuna anayepima kwa picha ya WhatsApp. Na kwa mdoli wa makumi ya dola, kuupeleka huko na kuurudisha kutakula bei yake yote. Kama mnataka macho ya mtu wa pili, piga picha nje asubuhi, bila flashi, mbele, nyuma, ubavuni na miguuni, rula ikiwa pembeni, umwonyeshe kijana wa mlimani na wageni wake. Moshi inapokea Wamarekani wengi waliokua na midoli hii. Atakayetoa macho pima na kuuliza kama una mingine, huyo ndiye wa kuzungumza naye.

Ya nyumbani nitayasema kwa ufupi kwa kuwa ni mazito. Mwambie mume wako leo, mkiwa wawili, kabla shemeji hajaingia, kwamba amenunua mbeleko na mimba haijatunga. Tofali zisizoguswa aongee na aliyemuuzia, pengine atazipokea hata kwa hasara kidogo, pesa irudi kikoba kabla riba haijazaa. Shemeji alitafuta jina kwenye simu, mpe ahsante ya kutafuta jina. Hana nusu ya mali aliyoikuta mezani kwako. Mwenzako wa balo ni habari nyingine. Mligawana, na kwa sheria ya sokoni fungu lako ni lako, lakini mlichanga pamoja na mtachanga tena. Mkipata kitu cha maana mkatie. Salamu za mkato ni ghali kuliko Boba Fett.

Nimemwacha mmoja makusudi, yule mfupi asiye na sura.

Anaitwa Jawa. Ni mmoja wa wale 12 wa kwanza kabisa wa Kenner waliotoka mwaka 1978. Walipoanza kumtengeneza walimvika koti la plastiki laini. Kwa kuwa ni mfupi na anauzwa bei moja na wenzake warefu, koti lile likaonekana la rahisi mno, wakalibadilisha haraka wakaweka la kitambaa lenye kofia. Jawa wa kitambaa ni wengi. Jawa wa koti la plastiki ni wachache, na akiwa wa kweli, hata bila pakiti, anaweza kufika dola mia kadhaa. Umeniandikia kwa mkono wako kwamba wako amevaa la plastiki.

Usianze kupiga hesabu. Huyu ndiye anayeghushiwa kuliko karibu wote, kwa sababu kughushi ni rahisi: wanachukua koti la plastiki la mzee Ben Kenobi, mdoli mwingine wa Star Wars, wanalipunguza kwa mkasi, wanamvika Jawa wa kitambaa aliyevuliwa. Wengine wanakata koti jipya kabisa. Tazama ukingo wa chini na matundu ya mikono. La kiwandani limekatwa kwa mashine, ukingo umenyooka mwanzo hadi mwisho na matundu yanafanana. La mkasi lina vipindapinda hata kama mkataji ana mkono mtulivu. Usilivue na kulivisha mara kwa mara, plastiki ile ikikauka hupasuka kwapani, na ikipasuka hakuna gundi.

Mnunulie binti mdoli mwingine wa buku, umbadilishe kwa upole, usimnyang'anye. Kisha nitumie picha ya koti hilo, tundu la mkono wa kushoto na la kulia, na ukingo wa chini. Shemeji asiwe karibu na ndoo ya jiki.

Babu Vikuukuu, Arusha